Jalada la Mwalimu Nahla

Bi Kazija Vuai hamwambii mtu alichopika. Ukimkuta jikoni, sufuria imo motoni, harufu ya mchuzi wa pweza imeshafika kwa jirani wa tatu, ukamuuliza, "Bi Kazija, leo kuna nini?" atakujibu, "Kheri tu." Mumewe, Jaribu, amechoka kuuliza. Husema yeye chakula chake hukijua akifunua kawa, sawasawa na mgeni yeyote aliyepita njia akakaribishwa.

Hakuzaliwa hivyo. Waliokua naye wanasema alikuwa na mdomo, tena mdomo hasa. Kazi ndiyo iliyomfunga. Zaidi ya miaka ishirini sasa anakaa masjala ya afisi ya elimu, chumba cha nyuma chenye dirisha moja na makabati ya chuma yanayolia yakifunguliwa, na ndani ya makabati hayo mna majalada ya walimu wote wa wilaya. Mna nani alionywa kwa utoro, nani aliombewa uhamisho na mkewe bila yeye kujua, na nani alizaliwa mara mbili, mara moja alipoanza skuli na mara ya pili alipokaribia kustaafu. Kazija anayajua yote. Asubuhi akishuka barabarani, majalada hayo humpita na baskeli zao yakimwamkia, "Sabalkheri, Bi Kazija!" Naye huitikia vizuri, anatazama mbele, anakwenda zake.

Na msidhani hapendi umbea. Loo! Anaupenda, masikini, kushinda hata hao wambea wenyewe. Lakini umbea ni nipe nikupe, na yeye hana cha kutoa. Harusini wanawake wakikaa vikundi wakapashana, yeye akisogea wananyamaza. Si kwamba wanamchukia, ila wanaona hasara. Humalizia shughuli akiwa na vikongwe wasiosikia, anakula pilau lake kimya kimya, na moyoni anaumia.

Sasa mwaka huu kazi hiyo ilimletea jambo ambalo hakuliomba.

Kwanza alifariki Mjaka Jecha, mume wa wifi yake. Wifi mwenyewe ni Bi Mwanakhamis, dada wa tumbo moja na Jaribu, mwanamke wa Kiuyu, mkulima wa muhogo na mpunga, sauti yake ikisema shambani inasikika pwani. Mjaka alikuwa mtu wa watu. Mfanyabiashara wa dagaa, mpole, safu ya mbele msikitini, na kila wiki alikuwa na safari yake ya Wambaa kufuata mzigo. Akaanguka mchana, magharibi akazikwa. Bi Mwanakhamis akaingia eda.

Wiki haijesha, ikaja masjala fomu ya ruhusa ya Mwalimu Nahla, anayesomesha hesabu huko huko Kiuyu, mwenyeji wa Wambaa. Anaomba ruhusa ya eda. Kazija akashangaa, maana anavyojua yeye Mwalimu Nahla hana mume. Akafunua karatasi ya nyuma, akakuta cheti cha ndoa kilichoandikwa Unguja miaka minne iliyopita. Akasoma jina la mume. Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio, akasoma tena. Jina likawa ni lile lile, Mjaka Jecha.

"Lahaula," alisema, na hilo ndilo neno pekee alilopata kulisema kuhusu jambo lile mpaka siku ninayotaka kuwahadithia.

Mke wa pili si haramu, kila mtu anajua, wala Pemba si habari. Habari ni kufichwa. Na siku ya arobaini Kazija alikwenda kwa wifi yake kama wanavyokwenda watu, akakaa jamvini, akamsikiliza mjane anavyomsifu marehemu. "Miaka thalathini, wifi yangu! Miaka thalathini, hata kitumbua akila njiani alikuwa ananambia. Mwanamume hana siri, nimepata wapi mimi mwengine?" Wanawake wakaitikia, alhamdulillahi, ni wachache hao. Kazija naye akaitikia. 

Jaribu naye Kazija hakumwambia. Angemwambiaje? Ni kaka wa mtu.

Nahla alikaa eda yake Wambaa kwa mama yake. Watu wa Wambaa waliambiwa ni mgongo unamsumbua. Watu wa Kiuyu hawakuambiwa kitu, kwa hiyo wakajitengenezea wenyewe. Wako waliosema yuko Maskati anafanya kazi za ndani na mshahara wa serikali anakula. Wako waliosema kenda kuzaa. Wako waliosema hakuna mtu kama huyo, ni mwalimu hewa, ingawa wao wenyewe walikuwa wakimwona kila siku kwa miaka sita. Na watoto wa kidato cha nne muda wote huo walikaa bila mwalimu wa hesabu. Kipindi kikifika hucheza bao nyuma ya darasa. Mtihani wa majaribio ulipokuja walianguka wote, pamoja na mwana wa mwisho wa Bi Mwanakhamis, ambaye mama yake alikuwa ameshamtangaza kuwa daktari.

Hapo wazee wakacharuka, na haki yao. Bi Mwanakhamis, aliyekwisha kutoka eda yake na ndiye mwenyekiti wa kamati ya skuli, alituma barua afisini: tunataka kujua Mwalimu Nahla alikuwa wapi, kwa ruhusa ya nani, na kwa nini alilipwa. Tunataka tuone kwa macho. Si kuambiwa.

Bosi wa Kazija ni Ndugu Fahmi, kijana msafi, shati limenyooka, na ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka Unguja kwenye semina ya uwazi serikalini. Zamani barua kama ile ingejibiwa "suala lenu linashughulikiwa," kisha ikalala. Fahmi akaisoma, akafurahi nayo.

"Bi Kazija, hii ndiyo tuliyofundishwa. Mwananchi ana haki."

"Na Mwalimu Nahla je?"

"Naye ana haki. Kazi yake ni ya umma, nyumba yake ni yake. Toa nakala ya ruhusa, funika yaliyo ya nyumbani kwake, acha yaliyo ya kazi. Lini kaondoka, lini karudi, nani kaidhinisha. Hayo huwezi kumnyima mtu ambaye mwanawe kafeli."

Kazija akalitafuta kosa katika maneno yale, asilione. Kwa hakika alimwona Fahmi siku ile kuwa mtu mwenye akili.

Nahla mwenyewe alikuja siku ya pili, kavaa baibui, uso umemsinyaa. Hakutaka kukaa. "Bi Kazija, naambiwa wanapelekewa jalada langu."

"Si jalada. Karatasi moja."

"Wataona?"

"Hawataona kitu."

"Si kwa ajili yangu," Nahla akasema. "Mimi wakinifukuza Kiuyu nitasomesha kwengine. Ila yule mama nisingependa ayajue kupitia kwangu. Mwanawe nampenda, anakaa mbele darasani. Marehemu alisema atamwambia mwenyewe, karafuu zikisha kuchumwa. Karafuu zikachumwa, zikaanikwa, zikauzwa. Akasema basi baada ya Ramadhani. Alikuwa mwoga, Bi Kazija. Mtu mzuri, lakini mwoga."

Kazija alimshika bega, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu mle masjala.

Akafunga mlango, akaanza kufunika. Alianza na neno lenyewe, eda, akalipaka wino mweusi mpaka likazama. Akainua karatasi dirishani, akaliona linamtazama. Akapaka nyuma vile vile, akatoa nakala ya ile nakala, akainua tena, safi. Akafunika jina la mume, namba ya cheti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, jina la mama. Mkono ukishazoea hausimami: alifunika na sanduku la posta la afisi, ambalo limechorwa ukutani kwa rangi ya buluu. Yakabaki jina la mwalimu, kazi yake, tarehe mbili, na muhuri wa kuidhinisha. Aliitazama kazi ile akaridhika nayo. Usiku alimpikia Jaribu wali wa nazi na hakumwambia kwa nini.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, ndani ya darasa la kidato cha nne. Wazee walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Walimu walikaa upande wa dirisha, Nahla mwisho wao. Mbele walikaa sheha, Fahmi, Bi Mwanakhamis, na Kazija na bahasha yake mapajani. Fahmi akazungumza juu ya uwazi, vizuri, kwa kirefu. Mvuvi mmoja akasinzia. Kisha bahasha ikafunguliwa, na kabla Bi Mwanakhamis hajavaa miwani, karatasi ile nyeusi ikaonekana mpaka nyuma.

"Mbona imeungua?" mtu akauliza.

"Haikuungua," Fahmi akasema. "Yaliyofunikwa ni mambo binafsi ya mtumishi. Sheria inamlinda."

"Aa! Basi sisi hayo ndiyo tunayoyataka. Hayo meupe tunayajua."

Darasa likachemka. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti kwamba mtu hafunikwi hivyo kwa mafua. Mwengine akasema anamjua mtu Maskati ambaye kamwona kwa macho yake. Mzee mmoja akataka mwalimu asimame aseme mwenyewe, na kama hasemi basi asirudi tena kwenye skuli ile, na wengi wakaunga mkono kwa kugonga madawati. Nahla hakusimama. Kazija akamtazama, akajiambia moyoni, vumilia mwanangu, hawana kitu mkononi.

Bi Mwanakhamis alikuwa anasoma. Yeye si msomi wa haraka, husoma kwa kidole. Kidole kikapita juu ya jina, juu ya kazi, kikafika kwenye tarehe ya kwanza, kikasimama. Tarehe kumi Februari. Kikashuka kwenye ya pili. Tarehe kumi na nane Juni. Kikarudi juu. Midomo ikaanza kucheza bila sauti.

Hapo ndipo Kazija naye alipozisoma tarehe zile.

Maana hizo si tarehe tu. Tarehe kumi Februari ndiyo waliyomzika Mjaka. Na tarehe kumi na nane Juni, Kazija mwenyewe, kwa miguu yake, alikwenda Kiuyu na sahani ya mkate wa kumimina kumtoa wifi yake eda, akashika ndoo akimwogesha, akamsaidia kuvaa nguo mpya. Miezi minne na siku kumi kwa mwezi mwandamo, mtoto wa chuoni anaijua. Hakuna maradhi ya miezi minne na siku kumi, wala hakuna kazi ya Maskati ya miezi minne na siku kumi. Kafunika kila kitu, mpaka sanduku la posta, halafu kaacha eda yenyewe uchi katikati ya karatasi. Miaka ishirini na zaidi ya kuficha, na leo kafanya hivi! Alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na makabati yake.

Bi Mwanakhamis akainua kichwa. Hakumtazama Kazija. Alitazama upande wa dirisha, akamtafuta Nahla, akamwona. Nahla akamtazama mara moja, kisha akainamisha macho, na kule kuinamisha kulisema yote. Mjane akabaki kamkazia macho, na rangi ya uso wake ikabadilika mbele ya Kazija, ikawa ya majivu. Pale mbele ya watu alikuwa anampoteza mume wake mara ya pili, na mara hii bila ya kulia.

"Mwenyekiti, soma basi!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Soma tusikie!"

Kazija akafumba macho. Alimjua wifi yake. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumfukuza mwizi wa mihogo kwa mwiko hadi mpaka wa shehia.

"Ruhusa," Bi Mwanakhamis akasoma, sauti kavu. "Imeidhinishwa. Muhuri upo."

"Tarehe je?"

"Tarehe zipo. Nimeziona." Akaikunja karatasi mara mbili, mara nne, akaitia kifuani ndani ya baibui. "Ruhusa yake halali. Tena halali kabisa. Hakuna Maskati hapa, na anayemjua aliyemwona huko akamwombe radhi mwalimu."

"Lakini nakala ni ya kamati!" sheha akasema.

"Kamati imeshaisoma."

"Kamati ni watu tisa, Bi Mwanakhamis."

"Basi na hao wanane wakitaka waje waitoe kifuani."

Hakuja mtu. Mvuvi aliyesinzia akaamka kwa ule ukimya, akauliza wamefika wapi, akaambiwa alale.

Bi Mwanakhamis akamgeukia Fahmi. Hasira ilimpanda, na Kazija alijua si ya Fahmi, ila ilikuwa lazima imwangukie mtu, na aliyestahiki alikuwa kaburini. "Sasa nijibu wewe, baba. Yeye kaomba ruhusa, mmempa, vyema. Afisi yenu ilijua tangu siku ya kwanza kwamba mwalimu hayupo na lini atarudi. Mwalimu mwengine yuko wapi? Watoto arobaini wanacheza bao hapa mpaka wamekuwa mabingwa. Hilo nalo ni jambo binafsi? Limefunikwa wapi nilione?"

Fahmi akamtazama Kazija. Kazija akatikisa kichwa. Halikufunikwa, kwa sababu halikuandikwa. Hakuna aliyeomba mwalimu wa kushikilia, wala aliyekataa. Kila mmoja alidhani ni kazi ya mwenzake.

"Hilo," Fahmi akasema, na ni haki kusema kwamba hakulizungusha, "hatukulifanya. Ni kosa letu."

Watu wakapigwa na butwaa, maana hawakuzoea. Kisha wakaanza kusema wote kwa pamoja, na mara hii walisema juu ya kitu chenyewe. Mpaka adhuhuri wakawa wamekubaliana: Nahla atawashikia watoto vipindi vya jioni, afisi italeta wa pili wa kumsaidia, na Fahmi atarudi mwenyewe baada ya mwezi kuulizwa. Mzee aliyetaka mwalimu afukuzwe ndiye aliyetoa chumba cha banda lake kwa masomo ya jioni, bila ya kukumbuka alichosema mwanzo.

Watu walipotoka kwenda kusali, Nahla hakuinuka. Bi Mwanakhamis naye hakuinuka. Kazija akakusanya bahasha yake pole pole, hajui aombe radhi kwa nani kwanza.

"Wifi," Bi Mwanakhamis akasema bila kumtazama. "Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Siku ya arobaini, ulikaa jamvini kwangu ukanisikiliza."

"Ndiyo, wifi yangu."

"Hakutendei mema aliyekupa kazi hiyo." Akainuka. "Simama mlangoni. Asiingie mtu."

Kazija akasimama mlangoni, uso nje. Masikio hayana mlango, akayasikia yote. Alisikia kandambili zikivuka sakafu ya saruji, kisha dawati likisogezwa.

"Usidhani nimekusamehe," sauti ya wifi yake ikasema.

"Sidhani, Bi Mkubwa."

"Na yeye sijamsamehe. Nitamwombea, maana ni wajibu, lakini sijamsamehe. Eda ulikaa wapi?"

"Wambaa. Kwa mama. Watu wakaambiwa naumwa mgongo."

"Nani alikuja kukuhani?"

Nje, upande wa kisimani, watu walikuwa wanatia udhu na kucheka.

"Nakuuliza. Mimi nilikuwa na watu mpaka uani, jamvi halikukunjwa siku saba. Wewe nani alikuja kukupa mkono?"

"Hakuja mtu, Bi Mkubwa. Nani angekuja? Hawakujua kama nimefiwa."

Sheha alikuwa anarudi, amesahau kofia yake juu ya meza. Kazija akamzuia mlangoni kwa kiganja. Akaulizwa kuna nini humo ndani, akajibu kheri tu. Sheha akasimama juani, kichwa wazi, akingoja.

Ndani, dawati lililia kama linavyolia mtu mzima akikaa juu ya kiti cha mtoto.

"Lete mkono wako," Bi Mwanakhamis akasema, na sauti yake ile ya kufika pwani ilikuwa imekatika, haikufika hata dirishani. "Mungu akupe subira, mwanangu. Mungu amrehemu marehemu wetu."